Kiko cha meerschaum

Kiko cha meerschaum ni kiko cha kuvutia tumbaku ambacho bakuli lake limechongwa kutokana na madini meupe yanayoitwa sepioliti. Neno "Meerschaum" ni la Kijerumani na maana yake ni "povu la bahari". Hata hivyo, madini hayo hayatoki baharini bali huchimbwa ardhini.

Asili

Meerschaum inayosifiwa zaidi hutoka karibu na mji wa Eskişehir nchini Uturuki. Hupatikana ardhini kama mabonge, na wachimbaji huyafuata kwa kuchimba mashimo marefu. Katika karne ya 19 mabonge mengi yalipelekwa Vienna, Austria, mji uliokuwa kitovu cha uchongaji wa viko hivyo. Katika miaka ya 1970 Uturuki ilizuia mabonge ghafi yasiuzwe nje, ili kazi ya kuchonga ibaki kwa mafundi wake.

Sifa

Sepioliti ni silikati ya magnesi. Ugumu wake ni takriban 2 kwenye skeli ya Mohs, hivyo hukwaruzwa hata kwa ukucha. Ikilowa huchongeka kwa kisu, ikikauka huwa ngumu zaidi. Ina vitundu vidogo vingi, na kwa sababu hiyo bonge kavu huweza kuelea majini.

Vitundu hivyo hufyonza unyevu na lami ya moshi. Bakuli haliungui, wala halihitaji tabaka la masizi kama kiko cha mti. Masizi yakizidi yanaweza kulipasua. Baada ya kung'arishwa, bakuli huchovywa katika nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Kadiri linavyotumika, rangi yake hugeuka kuwa ya njano, kisha kahawia. Likianguka huvunjika kwa urahisi.

Vumbi na vipande vinavyobaki hushindiliwa kuwa mabonge mapya, lakini viko vyake huhesabiwa kuwa duni.

Ufyonzaji huo hauondoi madhara ya tumbaku: uvutaji wa kiko husababisha kansa, pamoja na ile ya mdomo.

Afrika Mashariki

Sepioliti hupatikana pia katika eneo la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko vilivyouzwa ng'ambo kwa jina la Kiswahili "Kiko".