Ufa Hauzibwi kwa Barua: Kanisa na Talaka tangu Wittenberg hadi Kwetu

Habari za ndoa inayovunjika hutufikia sisi wachungaji mwishoni. Hujulikana kwanza chumbani, halafu kwa majirani, halafu kwa wakwe. Siku zinapofika mezani kwetu, mara nyingi mmoja amekwisha kuhama, na anachotaka si ushauri tena bali barua ya kupeleka mahakamani. Hapo ndipo tunapoanza kuuliza nani alikosa. Swali hilo ni la zamani sana, na Kanisa limelijibu kwa namna mbalimbali. Tukiipitia historia hiyo tutaona mahali baba zetu katika imani walipotenda vema, na mahali walipowaacha walioumia wabebe mzigo peke yao.

Tuanze na Bwana wetu. Katika Mathayo 19 Mafarisayo walimwuliza kama ni halali mtu kumwacha mkewe kwa kila sababu. Walikuwa wanamvuta kwenye ubishi wa walimu wa siku zile: wafuasi wa Shamai walibana sababu, wafuasi wa Hileli waliruhusu hata kwa ajili ya chakula kilichoungua. Yesu hakuanzia kwenye orodha ya sababu. Alirudi kwenye uumbaji, akaonyesha kwamba Mungu aliwaunganisha wawili wawe mwili mmoja, na kwamba ruhusa ya Musa ilitokana na ugumu wa mioyo. Lakini tusisahau kazi ya ile hati ya Kumbukumbu la Torati 24. Mwanamke aliyefukuzwa alitoka na ushahidi mkononi, akawa huru kuolewa tena. Basi tangu mwanzo mambo mawili yalikwenda pamoja: kusudi la Mungu ni ndoa idumu, na pale mioyo inapokuwa migumu, sheria imlinde aliye dhaifu.

Katika karne za kati Kanisa la Magharibi liliihesabu ndoa kuwa sakramenti isiyoweza kufunguliwa. Wanandoa walioshindwana waliweza kuruhusiwa kutengana kitanda na meza, lakini si kuoa wala kuolewa tena. Njia nyingine ilikuwa kuthibitisha kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, kijana na binti waliweza kufunga ndoa kwa kuahidiana tu, bila shahidi. Mmoja akikana baadaye, mwenzake alibaki bila msaada.

Martin Luther alikutana na taabu hizo akiwa mchungaji wa roho za watu. Mwaka 1520 alikataa kuiita ndoa sakramenti. Mwaka 1522, katika kitabu chake juu ya maisha ya ndoa, alitaja sababu zinazoweza kuleta talaka: mmoja kutoweza ndoa kimwili, uzinzi, na kukataa kabisa tendo la ndoa. Kwa msingi wa 1 Wakorintho 7, warekebishaji walikubali pia kesi ya aliyetelekezwa. Tusidhani Luther aliipenda talaka, aliichukia. Yeye mwenyewe alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, akaishi naye hadi kufa. Lakini alifundisha, na katika kijitabu chake cha ibada ya ndoa cha mwaka 1529 alirudia, kwamba ndoa ni jambo la maisha ya duniani, linalosimamiwa na serikali, huku Kanisa likibariki, likifundisha na kushauri. Mwaka 1539 Wittenberg ikaanzishiwa baraza, konsistoria, ambamo wanatheolojia na wanasheria waliketi pamoja kusikiliza mashauri, yakiwamo ya ndoa.

Huo ni urithi mzuri: masikizano ya wazi mbele ya watu wanaojua Neno na wanaojua sheria. Lakini urithi huo una doa. Mabaraza ya namna ile yalikubali talaka chache, hasa kwa uzinzi na kutelekezwa. Ukatili kwa kawaida haukuhesabiwa kuwa sababu ya kutosha. Mke aliyepigwa alirudishwa nyumbani na maonyo, mume akiagizwa apunguze ukali wake. Waliotoa hukumu walidhani wameiokoa ndoa.

Wamisionari wa Kilutheri walikuja kwetu na urithi huo. Walikuwa Usambara tangu 1891, na Kilimanjaro tangu 1893. Hapa walikuta ndoa isiyo ya watu wawili tu bali ya koo mbili zilizofungwa kwa mahari. Mahari ilikuwa na faida yake: ndoa ikitikisika wazee waliketi mapema, kwa kuwa kila upande ulikuwa na cha kupoteza. Lakini mara nyingi binti aliyekimbia kipigo alirudishwa kwa mumewe, maana ng'ombe walikwisha kutumika kumwozea kaka yake mke. Watoto walihesabiwa wa ukoo wa baba. Ujerumani na Afrika zilikuwa mbali, lakini mwanamke aliyepigwa alipewa jibu lile lile: rudi ukavumilie.

Wakati wa ukoloni ukaongeza sababu nyingine. Wanaume wengi wa bara walikwenda mashamba ya mkonge kwa mkataba, wakaitwa manamba, na wengi waliwaacha wake nyumbani. Wengine walirudi, wengine walianzisha nyumba ya pili huko huko. Hata leo, wapendwa, kazi ikimpeleka mmoja mkoa mwingine miaka mingi, tunaona ufa ule ule.

Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayozihusu ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali. Chini ya sheria hiyo mahakama haitafuti tu nani alikosa. Inauliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili umetajwa miongoni mwa ushahidi wa kuvunjika huko, na sheria inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Kabla ya kufika mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu, wanandoa hupitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kila kata inatakiwa kuwa nalo, na Waziri anaweza kuteua pia baraza la jumuiya ya dini. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati.

Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya familia. Mama aliyekata rufaa hakushinda, kwa sababu nyingine za shauri lile, lakini kanuni ilibaki. Kuhusu watoto, sheria inatanguliza ustawi wao, na inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba akae na mama, isipokuwa ithibitike vinginevyo.

Sheria imegawa nyumba na malezi. Haiwezi kugawa majonzi. Mshahara uliolipa kodi ya chumba kimoja sasa unatakiwa kulipa viwili. Mtoto anapelekwa kwa bibi, na ada inacheleweshwa wazazi wakibishana. Anapofika darasa la kipaimara anaulizwa cheti cha ubatizo. Kiko kwa baba ambaye hasemi na mama. Mama naye huacha kwaya kwa sababu ya minong'ono, na baba huhamia usharika ambako hajulikani. Tunawapoteza wote, kila mmoja kwa mlango wake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Baraza likigeuzwa kuwa dirisha la kuchukulia hati, hakuna ufa utakaozibwa. Wasimamizi wa ndoa wasimalize kazi siku ya harusi. Watembelee, waulize, wasikilize pande zote mbili bila kuchukua siri na kuitangaza. Wazee wa kanisa wajifunze sheria pamoja na Neno, kama walivyoketi pamoja wale wa Wittenberg. Na anayekuja na alama za kipigo asiambiwe kwanza avumilie. Apatiwe mahali salama, apelekwe hospitali na polisi, ndipo mazungumzo mengine yafuate. Kumrudisha hatarini ni kurudia kosa ambalo historia imekwisha kutuonyesha mara mbili.

Na ikiwa ndoa imevunjika kweli, waliovunjikiwa bado ni wabatizwa. Tuwawekee nafasi kwenye benchi, tuwatembelee, na mtoto yule wa kipaimara tumtafutie cheti chake katika kitabu cha usharika. Kazi hiyo ni yetu.