Kuhama Windows: Mac, Chromebook ama Linux? Soma hii kabla utoe doo

Kama lapi yako ya nyumbani bado iko Windows 10, rada ni hii: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga apdeti za kawaida za hiyo mashini. Haijazimwa. Itawaka asubuhi, YouTube itacheza, Word itafunguka. Shida ni kwamba wezi wa mtandaoni wakipata shimo jipya, hakuna mtu anakuja kuliziba. Na hiyo ndiyo lapi unaingilia benki, iTax, eCitizen na imeili yenye inafungua kila akaunti yako.

Ndiyo maana wasee wengi wanauliza: ninunue Windows nyingine, niruke Mac, nishike Chromebook, ama niweke Linux? Jibu haliko Luthuli wala Moi Avenue. Liko kwa kazi yenye unafanya.

1. Andika kazi zako kwanza

Chukua karatasi uandike kila kitu umefanya na kompyuta mwezi huu. Gawa mara mbili.

Upande mmoja weka vitu vya brauza: iTax, eCitizen, Gmail, WhatsApp Web, Google Docs, Netflix. Hizo zitakufuata kokote utakakoenda, usizipigie hesabu sana.

Upande wa pili weka programu zenye lazima ziwekwe ndani ya mashini. Hapa ndipo kuna noma, maana programu moja tu inaweza kukufungia mlango:

- Vitabu vya biashara: Tally imetengenezewa Windows.
- Michoro ya majengo: Revit na 3ds Max ni za Windows. AutoCAD iko pande zote mbili, Windows na Mac.
- Video na mziki: Premiere Pro inapatikana Windows na Mac. Kwa kompyuta, Final Cut Pro na Logic Pro ni za Mac peke yake. Kwa Linux hupati hata moja ya hizo tatu.
- Gemu: EA FC na Valorant zinataka Windows. Mtoi wako akizoea FC, Mac itamkasirisha.

Upande wa pili ukibaki mtupu, uko huru kwenda popote.

2. Hakikisha unahitaji kuhama

Lapi nyingi za ex-UK mtaani hazijachoka, ni hadi disku tu imezeeka. Kama yako bado iko na hard disk ya kuzunguka, fundi akiweka SSD na kuongeza RAM ifike 8GB, utadhani umenunua mashini nyingine. Na gharama haifiki karibu na ile ya lapi mpya.

Alafu angalia kama inakubali Windows 11. Soma jina la prosesa. Kwa Intel, ile nambari inafuata "i5-" ama "i7-" ndiyo inakuambia jeni: i5-6300U ni jeni ya 6, i5-8350U ni jeni ya 8. Windows 11 inataka jeni ya 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0. Ndiyo maana HP EliteBook 840 G3, ile imejaa kila mahali, inakataliwa, na ni ya jeni ya 6.

Kuna mafundi wanaweka Windows 11 kwa nguvu kwa mashini nzee. Inawezekana, lakini Microsoft hawakuahidi apdeti kwa hizo. Utakuwa umerudi palepale ulikuwa unatoroka.

Kama bado unajipanga, Microsoft walitoa nyongeza ya apdeti za usalama za Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha ndani ya Windows Update ukitumia akaunti ya Microsoft. Hiyo ni ya kupata pumzi, si ya kukaa.

3. Mac: tamu, lakini soma mwaka

Mac za prosesa ya Apple, kuanzia M1 iliyotoka Novemba 2020, zinakaa na chaji sana na haziungui mapajani. Kwa mtu wa video, mziki ama picha, ni chombo cha kazi.

Mtego uko kwa Mac za mtumba zenye prosesa ya Intel. Zinauzwa bei poa na zinang'aa, lakini Apple walishasema macOS Tahoe, ya 2025, ndiyo ya mwisho kwa Intel. MacBook Air ya 2017 haifiki hata huko, iliishia Monterey. Ukinunua hiyo ndiyo utoroke Windows 10, umehama nyumba inayovuja ukaingia ingine inayovuja.

Vitu vingine vya kujua mapema: RAM ya MacBook za M1 na kuendelea haiongezwi, kile umenunua ndicho utaishi nacho. Huwezi kuweka Windows kando kama ilivyokuwa kwa zile za Intel. Na flashi ya kawaida ya NTFS, Mac inasoma lakini haiandiki juu yake. Kama unapeleka kazi cyber kuprint, iformat kwa exFAT, na utoe vitu ndani kwanza.

4. Chromebook: ya shule na brauza

Kama karatasi yako yote ni ya brauza, hapa hutateseka. Inawaka haraka na virusi vya Windows haviijui. Lakini programu za Windows haziingii, na bila bundles itakuboo.

Kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya apdeti. Zile zilizotoka 2021 kuendelea Google waliahidi miaka 10, lakini za mtumba nyingi ni nzee kuliko hapo. Ingia kwa mipangilio, sehemu ya "About ChromeOS", uione kabla utoe pesa.

5. Linux: bure, lakini si ya kila mtu

Ubuntu na Linux Mint hazina bei. Ile EliteBook ilikataliwa na Windows 11 itakimbia nazo vizuri na kupata apdeti. Uzuri mkubwa ni kwamba unaweza kuijaribu ikiwa kwa flashi bila kugusa Windows yako. Kaa nayo wikendi: jaribu WiFi, printa, sauti na kamera.

LibreOffice inafungua faili za Word na Excel, ingawa mpangilio huweza kuruka kidogo. Excel zenye macros ndizo zinasumbua zaidi. Kama unatumia hizo kila mwezi kwa hesabu za wateja, wacha kwanza.

6. Kabla ulipe

- Hamisha faili zako. Weka nakala mbili, moja kwa disku ya nje na ingine mtandaoni. Google Drive inakupa 15GB bure. Picha za mazishi na harusi hazirudi.
- Mwambie muuzaji aifute na kuiwasha upya mbele yako, ikiwa kwa intaneti. Mac ikiitisha akaunti ya mtu mwingine, ama Chromebook ikileta jina la shule ama kampuni, rudisha mezani. Imefungwa, na inaweza kuwa ya wizi.
- Chukua risiti yenye serial namba. Ukishikwa na mali ya wizi, "niliuziwa" pekee haitakutoa kwa hiyo kesi.
- Uliza afya ya betri na bei ya chaja. Hapo ndipo bei poa hujificha.

Hesabu ya mwisho

Una jeni ya 8 kwenda juu? Weka Windows 11, tulia. Una jeni ya 6 ama 7 na kazi zako ni za brauza? Jaribu Linux kwa flashi kabla utoe hata soo. Unaishi kwa video ama mziki na doo iko? Mac ya M1 kwenda mbele. Ni ya mtoto kufanya homework? Chromebook yenye tarehe ndefu. Unategemea Tally, Revit ama FC? Baki Windows, na pesa yako iende kwa mashini mpya kiasi, si kwa nembo ya tufaha.

Wakikucheka mtaani ati bado unabeba lapi nyeusi nzito, wacha wacheke. Wao hawakulipii rent.