Kweli Ipi? Kukiri Kosa la Bunduki na Mlango wa Rufaa

Juu ya Webuye, si mbali na Bokoli, umesimama mlima wa Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijihami ndani ya boma dhidi ya majeshi ya Waingereza. Chanzo kimojawapo cha vita vile kilikuwa bunduki: watawala walizidai, wenyeji wakakataa kuzitoa. Baadaye, wakati wa hali ya hatari ya enzi za Mau Mau, kupatikana na bunduki au risasi kulimfikisha mtu kitanzini. Kwa shtaka hilo kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alinyongwa Februari 1957, rufaa yake ikiwa imetupwa. Leo adhabu ni kifungo. Adhabu imebadilika, lakini kanuni moja haikuyumba: aliyekiri kosa hakati rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Kanuni hiyo ilikuwa kifungu cha 412 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya India ya mwaka 1898, iliyotumika hapa enzi za ukoloni. Nchini Kenya ni kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Inasimama juu ya dhana kwamba anayekiri ameelewa anachokikiri, na naona dhana hiyo ndiyo inayopaswa kuchunguzwa kabla ya kuhesabu miaka ya kifungo.

Mtu aliyelelewa kwa Kibukusu husomewa shtaka lililoandikwa kwa Kiingereza, likapitia kinywa cha mkalimani, naye akajibu, "Ni kweli." Kweli ipi? Kwamba bunduki ilikutwa nyumbani mwake, au kwamba alijua ipo na hakuwa na cheti? La kwanza ni tukio tu. La pili ndilo kosa. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ililiona hilo mwaka 1973 katika kesi ya Adan: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake, kisha asomewe maelezo ya tukio na apewe nafasi ya kuyapinga. Akiyapinga, kukiri kunafutwa. Kwa hiyo majaji wa Bungoma na Kitale, wakiletewa rufaa ya adhabu, wanaweza kukuta kwamba hapakuwa na kukiri kokote.

Wapo watakaosema kwamba wafungwa hujutia maneno yao wakishaona ukubwa wa kifungo, na kwamba Mlima Elgon, ulioteswa na wanamgambo wa SLDF (Sabaot Land Defence Force) kati ya 2006 na 2008, hauwezi kuvumilia ulegevu kwa wenye silaha. Hofu hiyo ni ya haki. Waliokatwa masikio na wanamgambo hao hawakukatwa na hadithi. Lakini utaratibu wa Adan unamgharimu hakimu dakika chache na kurasa mbili za maandishi, na Katiba ya 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Tena, kukiri kukibatilishwa, mshtakiwa haachiliwi papo hapo: jaji anaweza kuagiza kesi isikilizwe upya, na bunduki ile ile ikarudi mezani kama kielelezo, safari hii mbele ya mashahidi.