Mtoto wa Miaka Minne wa Nyeri ni wa Serikali Gani?

Kila mtaa huku kwetu, kuanzia Majengo hadi King'ong'o, watu wanamjua mtoto mmoja ambaye haendi shule. Ukiuliza, unaambiwa "huyo ni mgonjwa" na stori inaishia hapo. Halafu kwa komenti tunarukia wazazi, eti wanaficha watoto. Wako wanaoficha, sikatai. Lakini nimesoma vile hizi huduma zilijengwa, na mimi naona mzazi analaumiwa kwa mambo yaliyopangwa vibaya kabla hata yeye azaliwe.

Thika iko mbali na Mlima, lakini stori inaanzia huko. Mwaka wa 1946, vita vikiwa vimeisha tu, Salvation Army walifungua shule ya wasioona pale. 1962 wakaongeza Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, enzi ambazo polio ilikuwa inatisha kila boma. Huku kwetu tukapata Tumutumu, karibu na Karatina, shule ya viziwi chini ya PCEA. Upande wa Meru Wakatoliki wakawa na St. Lucy's, Igoji, ya wasioona. Umeona mpangilio? Shule ilienda pale misheni ilipokuwa na shamba. Mtoto asiyeona wa Naro Moru, kwenda Thika ni zaidi ya kilomita 100, na ni bweni. Nyumbani ni likizo tu, kama nauli imepatikana.

Sitaki mseme nachukia bweni. Kwa viziwi hasa, bweni lilifanya kitu hakuna mtu alipanga. Tangu mkutano wa Milan wa 1880, walimu wengi duniani waliamini kiziwi lazima asome midomo na alazimishwe kutamka. Shule za Kenya zilifuata hiyo njia kwa miaka mingi, na ishara zikakatazwa darasani. Lakini taa zikizimwa na mwalimu akienda kwake, watoto waliongea kwa mikono. Lugha ya Ishara ya Kenya ilikua hivyo, bwenini na uwanjani, mpaka leo iko ndani ya Katiba. Watoto wenyewe waliibeba! Shida ni moja: mtoto aliyefika shuleni na miaka minane alikuwa amekaa miaka minane bila lugha yoyote kamili. Hiyo miaka hakuna mtu anamrudishia.

Ndiyo maana kwangu mwaka mkubwa ni 1984. Wizara ya Elimu, ikisaidiwa na Denmark, ilianza kufungua vituo vya kupima watoto wilayani, vile vinaitwa EARC. Wazo lilikuwa simpo sana. Mzazi anakuja na mtoto, mwalimu aliyefunzwa anaangalia kama anasikia, anaona, anaelewa, anatembea. Kisha anasema: huyu anaweza kusoma hapo karibu akisaidiwa hivi, yule anahitaji shule maalum. Miaka miwili baadaye ikaja KISE, Nairobi, ya kufunza walimu wa hii kazi. Kwa mara ya kwanza mtu aliuliza mtoto yuko wapi kabla ya kuuliza jengo liko wapi.

2003 tunajivunia sana huku, kwa sababu Kibaki ni wetu wa Othaya. Elimu ya msingi ikawa bure, shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na madarasa yakajaa mpaka mlangoni. Mwaka huo huo jopo la Dkt. Kochung lilipewa kazi ya kuangalia elimu maalum, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa. Mambo mazuri, lakini hiyo elimu ya bure inaanza mtoto akishafika darasa la kwanza.

Sasa fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Wengi huisoma wakitafuta ugatuzi wa barabara na hospitali. Chekechea imepewa kaunti. Elimu maalum imebaki kwa serikali ya kitaifa. Hospitali za kaunti, pamoja na wataalamu wa mazoezi ya viungo, ni za kaunti. Kituo cha kupima ni cha Wizara. Kwa hivyo chukua mtoto wa miaka minne pale Mukurwe-ini ambaye haongei. Yuko darasa la kaunti, na mwalimu wa kaunti, lakini mtu wa kumpima ameajiriwa na Nairobi. Kila upande ukiulizwa utasema si kazi yetu, na kisheria kila mmoja ana kahoja.

Na ndio umri ambao ungesaidia zaidi.

Mimi sidhani tunahitaji jengo jipya lenye ribon na mheshimiwa wa kuikata. Nataka kaunti ikubaliane na Wizara kwa maandishi, walimu wa EARC wazunguke chekechea zote wakati wa kuandikisha watoto, na kaunti ilipe mafuta ya gari. Gari lipite Kieni pia, si Nyeri mjini tu.

Makadirio ya bajeti yanafaa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo lazima wananchi waulizwe maoni. Hizo mikutano huwa zimejaa wazee wakidai karavati. Tukienda hata watano, swali ni hili: kwa pesa za chekechea, ya kupima watoto ni ngapi?