Tumbaku ya Uani na Tumbaku ya Bani

Wengi wakiulizwa tumbaku ilianza lini Tabora, hutaja Urambo: Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza ulipokufa mwaka 1951, ardhi yake ikageukia tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa moto, na zao likaenea Unyamwezi. Hiyo ni historia ya mabani, yaani majengo ya kukaushia, si ya tumbaku yenyewe. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, jirani na Tabora ya leo, Novemba 1857, tumbaku ilikuwa bidhaa ya kawaida kwenye njia ya misafara, na kila nchi ilikuwa na yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton anaeleza kuwa ya Usambara ilifinyangwa vidonge bapa vikafungwa kwa majani ya mgomba. Ya Ukutu na Usagara ilikuwa mabonge makubwa ambayo Wagogo waliyapata kwa kutoa chumvi. Ya Unyamwezi ilitwangwa ikatoka na umbo la kinu. Na ya Ujiji iliuzwa majani matupu, Waarabu wakaiita hamumi kwa kuifananisha na ya Hadhramaut.

Zito zaidi ni majira. Kwa maelezo hayo hayo, tumbaku ilipandwa mvua zikielekea ukingoni, ikanenepa kwa jua na umande, ikavunwa Oktoba na kuanikwa juani. Haikugombea palizi na mtama, wala haikula kuni. Tumbaku ya mvuke imepindua mpango huo. Miche hutoka kitaluni kwenda shambani mvua za kwanza zinapoanguka, wakati ule ule mahindi yanapodai jembe. Kisha majani hukaa banini juu ya moto wa siku kadhaa, na kuni hutoka kwenye miombo. Katika vijiji vya nje ya mji, kama vya Ntalikwa, kaya inayoilima hugawa mikono yake kati ya chakula na jani.

Atasema mtu kwamba ushahidi wa msafiri mmoja, tena mgonjwa aliyetegemea masimulizi ya wafanyabiashara, ni mwepesi. Na kwamba Burton mwenyewe aliidharau tumbaku ya Unyamwezi kuwa laini na ya kuharibika upesi. Dharau hiyo inaongeza imani: hakuwa akiipamba, na umbo na asili ya bidhaa ni mambo ambayo mchuuzi hawezi kukosea kila siku. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: tumbaku ya uani, ile ya kale, haikusomesha watoto wala kuezeka bati, na ya mvuke imefanya yote mawili. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba hakuna kati ya hizo iliyo salama kwa mvutaji. Lakini fedha hiyo hupatikana baada ya kukatwa deni la pembejeo, na daraja la jani hutajwa na mteuzi sokoni, si na aliyelilima. Basi anayedai kuwa Tabora haiwezi kuishi bila tumbaku ya mvuke anasimulia miongo michache tu. Kwa muda mrefu kabla yake tumbaku ilikuwapo, na chakula ndicho kilichopanga kalenda.