Mlimani au Dodoma? Swali kutoka Nakwa

Wiki iliyopita nilikuwa Nakwa, Babati, kwa shangazi. Binti yake kamaliza kidato cha sita, PCM, na anataka kusoma fizikia. Sio uhandisi, fizikia! "Kaka, wewe mwandishi unajua watu. Niende Mlimani au Dodoma?"

Mimi niliyeikimbia hesabu zamani nikampa ninachokiweza, historia.

Mwenzake wa mwaka 1962 asingeumiza kichwa. Chuo cha Dar kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na sheria tu, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Aliyetaka sayansi alifunga safari ya Makerere. Sayansi ilianza Dar mwaka 1965, chuo kikajitegemea 1970, na UDOM ikaja 2007. (Siku hizi bodi ya mikopo nayo huchagua, ila tuyaache hayo.)

Kisha nikamsimulia Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alitia maziwa ya moto kwenye friza ili atengeneze aiskrimu. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akaja Dk. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo cha Dar, kutoa mhadhara. Mpemba akauliza swali lile lile, darasa likacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe lipo kweli, lakini jina la Mpemba halijafutika.

"Kwa hiyo Mpemba alisoma fizikia Dar?"

Hapana. Makala ilipotoka alikuwa Mweka, chini ya Kilimanjaro, akisomea wanyamapori. Binti akanyamaza kidogo. Nami nikajiuliza nchi ilipoteza nini pale, ingawa huenda tembo walifaidika.

Nikamshauri asitazame jina la chuo peke yake. Awapigie simu wanaosoma fizikia vyuo vyote viwili, awaulize wanagusa vifaa vya maabara mara ngapi kwa wiki, na mhadhiri akiulizwa swali la ajabu hufanyaje.

Jana kanitumia ujumbe: ameamua Mlimani. Shangazi anataka Dodoma, ni karibu na nauli ni ndogo. Bado hajaambiwa, na nadhani kazi hiyo nimeachiwa mimi.