Benja, namba nane aliyewatoa jasho Fiji

Homa Bay na Migori ni nchi ya kandanda. Ni Gor Mahia kwanza, kisha SoNy Sugar ya Awendo, iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2006. Raga huku huingilia shuleni. Mvulana huikuta akiwa kidato cha kwanza, akaangushwa mara mbili tatu kwenye nyasi kavu, basi ama akaipenda ama akaikimbia. Benjamin Ayimba aliipendea Shule ya Maseno, ng'ambo ya Ghuba ya Winam.

Benja, kama mashabiki walivyozoea kumwita, alicheza namba nane. Huyo ndiye hufunga skramu kwa nyuma: ameinama, kichwa kimebanwa katikati ya nyonga za wenzake wawili, anasukuma huku akiuvizia mpira umfikie miguuni. Ukifika, ana sekunde moja tu ya kuamua: auchomoe akimbie nao, au amwachie mwenzake. Akiwa na klabu ya Impala jijini Nairobi, aliibuka kuwa nahodha wa Kenya katika raga ya wachezaji 15 na ile ya saba pia.

Hii ya saba ilibuniwa Uskoti, mjini Melrose, mwaka 1883. Mchinjaji Ned Haig alitaka klabu yake ipate hela. Uwanja ukabaki mpana vile vile, watu wakapunguzwa kwa zaidi ya nusu, na leo mechi huchezwa dakika 14 tu. Mwenye mbio na pumzi ndiye mwenye mchezo. Wakenya wangekosaje kuupenda?

Ayimba alikabidhiwa ukocha wa timu ya taifa ya raga ya saba mwaka 2006. Machi 2009, katika Kombe la Dunia la raga ya saba huko Dubai, vijana wake waliwang'oa mabingwa watetezi, Fiji, kwa 26-7 kwenye robo fainali. Argentina ikawazima 12-0 katika nusu fainali, lakini heshima ilikuwa imeshapatikana.

Aliondoka mwaka 2011, kisha akaitwa tena. Jumapili ya Aprili 17, 2016, nahodha Andrew Amonde na wenzake waliingia fainali ya Singapore, duru ya msururu wa dunia wa raga ya saba. Fiji tena! Collins Injera akapachika trai mbili, na kipenga cha mwisho kikalia Kenya ikiwa mbele 30-7. Tangu msururu huo uanze mwaka 1999, Kenya haikuwa imewahi kutwaa taji kuu hata moja.

Miezi minne baadaye, Fiji hao hao, chini ya Mwingereza Ben Ryan, walitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Rio. Kenya ilimaliza ya 11 kati ya timu 12. Wapo wanaomhukumu Ayimba kwa Rio. Nadhani wanamwonea: kocha aliyewapiga mabingwa wa Olimpiki pointi 30 kwenye fainali hakubahatisha. Innocent Simiyu, aliyewahi kuwa mchezaji wake, ndiye aliyechukua nafasi yake.

Mei 21, 2021, Ayimba alifariki katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Hakuuawa na jeraha la uwanjani. Ilikuwa malaria iliyompanda kichwani, ugonjwa ambao kaunti za kando ya ziwa, Homa Bay na Migori zikiwemo, huugua mwaka mzima. Kenya ilizindulia chanjo ya malaria huko Ndhiwa, Homa Bay, Septemba 2019. Lakini ilikuwa ya watoto wachanga. Mtu mzima kama Benja haikumhusu.